Ukunjufu wa Moyo: Historia ya Kuupima kwa Mwangwi

Katika viungo vyote vya mwili wa binadamu hapana kilichotwishwa mambo mengi katika Kiswahili kuliko moyo. Mtu hutiwa moyo na huvunjika moyo. Huwa na moyo mzito, au mgumu, au mweupe. Na akikata tamaa husemwa kuwa amekufa moyo. Lakini juu ya kazi yenyewe ya kiungo hiki kifuani, lugha ya kila siku hutosheka na neno moja, nalo ni kwamba moyo hupiga. Neno hilo si kosa, kwa maana pigo ndilo lisikikalo kwa sikio na kuguswa kwa vidole penye kifundo cha mkono. Walakini lataja nusu ya kazi na kuacha nusu. Moyo hauwezi kutoa damu ambayo haikuingia ndani yake. Ndoo ishushwayo kisimani ikapandishwa kabla ya kuzama haimfai mwenye kiu, hata mikono ivutayo kamba iwe na nguvu namna gani. Historia ielezwayo hapa ni ya nusu hiyo iliyosahauliwa: jinsi moyo unavyolegea na kujaa, na jinsi wanadamu walivyojifunza kuipima hali hiyo kwa mwangwi wa sauti isiyosikika.

Kiswahili kina neno jingine lifaalo sana kwa habari hii. Mtu mchangamfu, apokeaye wageni bila kinyongo, husemwa kuwa ana moyo mkunjufu, yaani moyo uliokunjuka mfano wa mkeka uliotandikwa. Walioanza kusema hivyo walikuwa wakitaja tabia, wala hawakukusudia damu na misuli. Hata hivyo usemi wao wakubaliana na mambo yalivyo ndani ya kifua. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vipokeavyo damu, na viwili vya chini viisukumavyo kwenda mapafuni na mwilini. Vyumba vya chini hujikunja ili kutoa, kisha hukunjuka ili kupokea. Wataalamu huita hali ya kwanza sistoli na ya pili diastoli. Hapa zitaitwa kujikunja na kukunjuka, kwa kuwa maneno hayo yana maana yake wazi na hayahitaji mkalimani.

Ni ajabu kwamba kukunjuka ndiko kulikotangulia kupewa heshima. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba kazi kubwa ya moyo ni kutanuka, na kwamba kwa kutanuka huivuta damu kama mivukuto ya mhunzi inavyovuta hewa. Mafundisho yake yalitawala kwa zaidi ya miaka elfu, na mengi ndani yake yalikuwa na makosa. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu chake juu ya mwendo wa moyo na damu. Kwa kupasua wanyama na kwa hesabu ya damu ipitayo kwa kila pigo, alithibitisha kwamba damu huzunguka mwilini, na kwamba isukumayo ni nguvu ya moyo unapojikunja. Ushindi wa Harvey ulikuwa wa haki. Lakini kila ushindi huacha hasara mahali fulani, na hasara ya huu ilikuwa kwamba kukunjuka kulishushwa cheo. Tangu hapo kulihesabiwa kuwa mapumziko tu, muda wa moyo kukaa bure ukingojea kazi; na kitu kihesabiwacho kuwa si kazi hakimpi mtu haja ya kukipima.

Karne ya 20 ilianza kurekebisha hesabu hiyo. Mwaka 1921 Carl Wiggers, mwanafiziolojia wa Cleveland katika Marekani, aligawa mzunguko mmoja wa moyo katika hatua zifuatanazo, akaonyesha kwamba kukunjuka si jambo moja bali ni mambo kadha. Kwanza misuli hulegea hali milango yote imefungwa, na msukumo ndani ya chumba hushuka upesi. Kisha kilango kiitwacho mitrali, kilichopo baina ya vyumba viwili vya kushoto, hufunguka, na damu huingia kwa kasi kubwa. Baadaye mwendo hupungua, karibu ya kusimama. Mwishoni chumba cha juu nacho hujikunja, kikaongeza kiasi cha damu kabla ya pigo lifuatalo. Kwa mtu ambaye moyo wake hupiga mara 60 kwa dakika, mzunguko wote huchukua sekunde 1, na katika hiyo karibu theluthi mbili ni za kukunjuka. Moyo ukienda mbio, kwa homa au hofu au kupanda kilima, muda upunguao zaidi ni huo wa kujaa.

Elimu ya chembe za mwili iliongeza jambo jingine ambalo Harvey hakuweza kulijua. Misuli ya moyo hujikunja wakati madini ya kalsiamu yanapomwagika ndani ya chembe zake. Na ili ilegee, kalsiamu hiyo sharti ichotwe na kurudishwa ghalani mwake, chembe kwa chembe. Kuchota huko hutumia nguvu itokayo katika chakula na hewa. Kwa hiyo kulegea kwenyewe ni kazi. Moyo ukipungukiwa na damu yake wenyewe, mara nyingi uwezo wa kulegea huanza kudhoofika mapema, hali uwezo wa kusukuma ungali waonekana mzima. Kadhalika moyo uliopambana kwa miaka mingi na shinikizo kubwa la damu hunenepa kuta, na kuta nene hazikunjuki upesi. Mgonjwa wa namna hii hutweta akipanda ngazi, hushindwa kulala chali usiku, na miguu yake huvimba. Lakini anayeuchunguza moyo wake unavyopiga aweza kumwambia kwamba hana ugonjwa.

Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika historia hii, na sehemu hiyo yatangulia chombo chenyewe cha kupimia. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, aliyefundisha elimu ya maradhi katika shule ya udaktari ya Makerere, mjini Kampala, alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu wa Uganda, wengi wao wakiwa vijana na maskini. Ndani ya vyumba vya chini vya mioyo yao aliona utando mweupe, mnene na mgumu, ulioziba ncha ya chumba na kushika nyuzi za vilango. Aghalabu misuli ya nje ya utando huo ilikuwa bado na nguvu. Mioyo hiyo iliweza kupiga; isichoweza ni kupokea. Damu iliyonyimwa nafasi ilirudi nyuma, ikavimbisha vyumba vya juu, ikajaza ini, na matumbo ya wagonjwa yakafura maji. Ugonjwa huo hupatikana katika nchi mbalimbali za joto, na chanzo chake hakijathibitishwa mpaka leo. Davies aliufahamu kwa sababu aliipasua mioyo ya wafu. Kwa walio hai hapakuwa na njia nyepesi ya kuona kama moyo wajaa au haujai.

Njia iliyokuwapo ilikuwa ya kuingia mwilini. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, daktari kijana wa Kijerumani jina lake Werner Forssmann alijitia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma hata ukafika moyoni, kisha akajipiga picha ya eksirei ili kushuhudia. André Cournand na Dickinson Richards waliikuza njia hiyo katika New York, na mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa mpira huo msukumo ndani ya moyo uliweza kupimwa kwa milimita za zebaki, na mpaka leo kipimo hicho ndicho kinachotumiwa kuvihukumu vipimo vingine. Lakini si kila mtu awezaye kutiwa mpira moyoni kila anapotweta. Chahitaji chumba maalumu, watu wengi na gharama; nacho si salama kabisa.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Lund, mji wa chuo kikuu kusini ya Sweden. Baada ya Vita Kuu ya Pili madaktari wa upasuaji walikuwa wameanza kukata kilango cha mitrali kilichosinyaa, na Inge Edler, aliyekuwa na dhamana ya kuwachunguza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, hakuridhika na njia alizokuwa nazo. Alihitaji kujua kama kilango kimesinyaa tu, au pia chavuja. Kwa maana kukipasua kilango kivujacho ni kuongeza madhara. Aliuliza kama haiwezekani kutumia mawimbi kama yale ya rada. Aliyemwuliza ni Carl Hellmuth Hertz, mwanafizikia kijana, mtoto wa Gustav Hertz aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925. Hertz alijua kwamba viwandani hutumiwa sauti nyembamba mno, isiyosikika na sikio la mtu, kutafuta nyufa zilizofichika ndani ya chuma: sauti hupelekwa, mwangwi hurudi, na muda wa kurudi kwake hutaja umbali wa ufa. Katika mwaka 1953 waliazima chombo cha namna hiyo katika kiwanda cha meli mjini Malmö, na Hertz alipokiweka juu ya kifua chake aliona mwangwi uliokuwa ukisogea pamoja na mapigo ya moyo. Kampuni ya Siemens iliwapa kingine kilicho bora, na tarehe 29 Oktoba 1953 walinasa kwa mara ya kwanza picha ya mwendo wa moyo kwa mwangwi.

Mstari walioupata ulikuwa wa mawimbi yanayopanda na kushuka juu ya karatasi. Hapo mwanzo walidhani kwamba mwangwi mkubwa kuliko wote watoka katika ukuta wa chumba cha juu cha kushoto. Edler alipofanya uchunguzi juu ya maiti, akifuata njia ya sauti kifuani, alitambua kwamba mwangwi huo ni wa jani la mbele la kilango cha mitrali. Jani hilo hufunguka moyo unapokunjuka, kisha hurudi nyuma kadiri damu inavyoingia. Kwa mtu mzima wa afya hurudi upesi. Kwa aliyesinyaa kilango hurudi polepole, kwa sababu damu huchelewa kupita. Yafaa jambo hili litiliwe mkazo. Husemwa mara nyingi kwamba kipimo cha eko kilizaliwa ili kuona moyo ukipiga, na kwamba habari za kujaa zilikuja baadaye. Ukweli ni kwamba alama ya kwanza yenye manufaa iliyosomwa katika mwangwi wa moyo ilikuwa alama ya kujaa.

Alama hiyo ilikuwa na hila yake. Ilidhihirika baadaye kwamba jani la kilango laweza kurudi polepole hata mahali ambapo kilango hakina kasoro, endapo chumba cha chini ni kigumu na kinakataa kupokea. Kumbe mstari mmoja uliweza kutaja maradhi mawili: mlango mwembamba, au nyumba isiyo na nafasi. Harvey Feigenbaum wa Indianapolis, aliyeanza kazi hii mwaka 1963 na kuandika kitabu cha mafunzo mwaka 1972, pamoja na wenzake wa nchi nyingi, waliueneza ujuzi wa eko hata ukawa jambo la kawaida hospitalini. Lakini mstari wa jani la kilango haukuweza kueleza peke yake jinsi damu yenyewe inavyokwenda. Kwa hilo palihitajika elimu nyingine, nayo ilikuwa imengoja kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1842, katika mji wa Prague, Christian Doppler alitoa hoja kwamba wimbi litokalo katika kitu kinachosogea hubadilika kwa msikilizaji: kikikaribia hulifanya kuwa jembamba, kikienda mbali hulifanya kuwa nene. Yeye alikuwa akisema habari za rangi za nyota. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot aliijaribu hoja hiyo kwa wapiga tarumbeta waliopanda gari la moshi, na masikio ya waliosimama kando ya reli yakaithibitisha. Mjapani Shigeo Satomura, wa Osaka, aliichukua kanuni hiyo katika miaka ya 1950 akaitumia kwa sauti isiyosikika juu ya moyo wa mtu hai. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafundi wa Ulaya na Marekani walitengeneza vyombo viwezavyo kuchagua mahali pamoja tu ndani ya kifua na kusikiliza mwendo wa damu hapo.

Kilichobaki kilikuwa kuugeuza mwendo kuwa msukumo, na heshima ya kazi hiyo yaelekea Norway. Jarle Holen na wenzake wa Oslo walionyesha mwaka 1976 kwamba kasi ya damu ipitayo katika kilango kilichosinyaa yaweza kutumiwa kukadiria tofauti ya msukumo baina ya vyumba viwili. Mjini Trondheim, Liv Hatle, daktari wa moyo, na Bjørn Angelsen, mhandisi, waliifanya kanuni hiyo kuwa chombo cha kila siku. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kasi kwa mita kwa sekunde huzidishwa kwa nafsi yake, kisha mara 4. Damu ipitayo kwa mita 2 kwa sekunde hutaja tofauti ya milimita 16 za zebaki. Walichapisha matokeo yao juu ya kilango cha mitrali mwaka 1978, na kitabu chao kilichotoka mwaka 1982 kikawa mwalimu wa kizazi kizima. Wagonjwa waliokuwa wakitiwa mpira moyoni ili kujua hali ya kilango sasa waliweza kulala ubavu wa kushoto kwa muda mfupi, wakapakwa mafuta kifuani, wakarudi nyumbani kwa miguu yao.

Mwaka huohuo wa 1982 Akira Kitabatake na wenzake wa Osaka walielekeza chombo hicho kwenye kilango ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote, wakauliza kama mwendo wa damu iingiayo hauwezi kutoa habari za chumba kinachoipokea. Damu iingiapo chumba cha chini cha kushoto huandika vilima viwili. Cha kwanza, kiitwacho E, ni cha kujaa kwa upesi mara kilango kifungukapo. Cha pili, kiitwacho A, ni cha mchango wa chumba cha juu mwishoni. Kwa kijana E ni kirefu kuliko A, maana moyo wake hulegea kwa wepesi na damu nyingi huingia mara moja. Umri uendeleapo, E hupungua na A huongezeka. Moyo uliochelewa kulegea humwachia A kazi kubwa: yale ambayo chumba cha chini hakikuyavuta mwanzoni, chumba cha juu huyasukuma mwishoni.

Ilionekana kana kwamba fumbo limefumbuliwa; lakini sivyo. Mwaka 1988 Christopher Appleton, Liv Hatle na Richard Popp, katika Chuo Kikuu cha Stanford, waliwapima wagonjwa kwa mpira na kwa mwangwi pamoja. Waliona kwamba ugonjwa unapozidi, vilima havizidi kuharibika kwa mstari ulionyoka. Msukumo katika chumba cha juu hupanda, na msukumo huo huisukuma damu kwa nguvu kupitia kilango, hata E hurefuka tena na picha yafanana na ya mtu mzima wa afya. Mgonjwa wa hali ya kati amevaa sura ya asiye mgonjwa. Ugonjwa ukiendelea mbele zaidi, E huwa kirefu mno na chembamba, A hudidimia, na chumba kigumu hujaa ghafula kisha hukataa. Basi mtu mwenye miaka 70, mwenye shinikizo la damu la siku nyingi, akionyesha vilima vya kijana wa miaka 20, haifai kupongezwa. Yafaa achunguzwe upya.

Jibu la hila hiyo lilipatikana kwa kuacha kuitazama damu na kuutazama ukuta. Damu huenda kasi, lakini hutoa mwangwi hafifu. Misuli huenda polepole, nayo hutoa mwangwi mkubwa. Kwa kugeuza mashine ichuje mwendo wa kasi na kubakisha wa polepole, iliwezekana kupima jinsi pete ya kilango cha mitrali inavyopanda moyo unapokunjuka. Mwaka 1997 Dae-Won Sohn na wenzake wa Seoul walionyesha kwamba mwendo wa pete hiyo haudanganyiki upesi kama mwendo wa damu. Na katika mwaka huohuo Sherif Nagueh na wenzake wa Houston waliugawanya mwendo wa damu kwa mwendo wa pete ili kukadiria msukumo wa kujaa. Mfano wa hesabu waweza kusaidia. Mtu ambaye damu yake huingia kwa sentimita 80 kwa sekunde, na pete yake hupanda kwa sentimita 10, ana 8. Mwingine ambaye damu yake huingia kwa 90 na pete yake hupanda kwa 6 tu, ana 15. Vilima vyao vya damu vyaweza kufanana. Lakini wa pili anao moyo usiokunjuka, na damu yake inasukumwa kutoka nyuma. Steve Ommen na wenzake wa Kliniki ya Mayo waliipima hesabu hiyo mwaka 2000 wakiilinganisha na mpira, wakaona kwamba yafaa zaidi inapokuwa ndogo sana au kubwa sana. Baina ya mipaka hiyo miwili haina hukumu ya yakini.

Wakati vipimo hivi vikikua, matabibu walikuwa wakilazimika kukiri jambo gumu. Katika miaka ya 1980, na hasa katika maandishi ya mwaka 1984 na 1985, ilielezwa kwamba wako watu wengi wenye dalili zote za moyo kushindwa ambao mioyo yao husukuma damu vizuri. Leo hukadiriwa kwamba karibu nusu ya walioshindwa na moyo wako katika kundi hili, na wengi ni wazee, wanawake, na wenye shinikizo la damu, unene au kisukari. Mwaka 2003 Margaret Redfield na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wakazi 2,042 wa wilaya ya Olmsted, katika Minnesota, wenye umri wa miaka 45 au zaidi. Asilimia 20.8 walikuwa na upungufu mdogo wa kukunjuka, asilimia 6.6 wa kadiri, na asilimia 0.7 mkubwa. Walio na upungufu, hata ule mdogo, walielekea kufa mapema kuliko wenzao. Na wengi wa walio na upungufu wa kadiri au mkubwa hawakuwa wamepata kuambiwa kwamba mioyo yao imeshindwa.

Uchunguzi wa namna hiyo ulifika Afrika pia, tena kwa ugonjwa uleule alioueleza Davies. Ana Olga Mocumbi na wenzake walichukua mashine ya eko hadi vijijini katika wilaya ya Inharrime, nchini Msumbiji, wakawapima watu 1,063 waliochaguliwa bila kujali kama wanaumwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa ya kutisha: watu 211, yaani asilimia 19.8, walikuwa na alama za utando ule ndani ya mioyo yao, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya watoto na vijana wa miaka 10 hadi 19. Katika hao 211, ni 48 tu waliokuwa na dalili. Wengine walikuwa wakilima na kwenda shule, bila kujua kwamba chumba cha moyo kimeanza kufinywa. Miaka 60 ilikuwa imepita tangu Davies aandike. Alichokiona yeye mezani pa maiti, hawa walikiona kwa watu wanaocheka na kuzungumza. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko hesabu yoyote, ingawa haikuleta mara moja dawa ya kuuondoa utando.

Haifai historia hii isimuliwe kama safari iliyofika mwisho. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na vyama vya wataalamu wa eko wa Marekani na Ulaya haukukubali kipimo kimoja kiwe hakimu. Kwa moyo unaosukuma vizuri, uliwaita mashahidi wanne: mwendo wa pete, hesabu ya damu kwa pete ikizidi 14, ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto, na kasi ya damu ivujayo katika kilango cha upande wa kulia ikizidi mita 2.8 kwa sekunde. Wakishuhudia zaidi ya nusu, ugonjwa huthibitika. Chini ya nusu, hukanushwa. Wakiwa nusu kwa nusu, hukumu huahirishwa. Wako waliolaumu kwamba wagonjwa wengi huachwa katika mashaka. Lakini mashaka yanayokiriwa yana heri kuliko yakini ya uongo, na fundisho la mwaka 1988 juu ya vilima vilivyovaa sura ya afya halijapitwa na wakati.

Kwa upande wa tiba nako palikuwa na miaka mingi ya kuvunjika moyo, kwa maana dawa zilizowasaidia wenye moyo dhaifu wa kusukuma hazikuwasaidia vivyo hivyo wenye moyo usiokunjuka. Mwaka 2021 majaribio makubwa ya empagliflozini, na mwaka 2022 ya dapagliflozini, dawa zilizotengenezwa kwanza kwa ajili ya kisukari, yalionyesha kwamba zapunguza kulazwa hospitali kwa watu wa kundi hili. Kabla ya hapo, na hata sasa, msingi ni kuitibu presha mapema. Mtu mwenye presha asiyepimwa huujenga ugumu wa moyo wake mwaka baada ya mwaka, bila maumivu yoyote ya kumwonya.

Yabaki jambo la maneno, na hilo lawahusu wenye Kiswahili kuliko wenye mashine. Mgonjwa aliyemaliza kupimwa huuliza, kama ilivyo desturi, kama moyo wake unapiga vizuri. Mara nyingi jibu la kweli ni kwamba unapiga vizuri, naye huondoka ameridhika, ilhali sababu ya kutweta kwake iko mahali ambapo swali halikufika. Swali likiwa nusu, jibu nalo huwa nusu. Chombo cha Edler na Hertz leo chaweza kutiwa mfukoni, na bei yake hupungua. Lakini hakimwambii mtu jambo ambalo hakuna aliyezoea kuliuliza. Lugha iliyokwisha kumwita mtu mwema mkunjufu wa moyo haishindwi kumfundisha mgonjwa kuuliza maswali mawili mahali pa moja: kama moyo wake unajikunja sawasawa, na kama unakunjuka.